Daktari bingwa kutoka nje apimwe akiwa kazini

Oktoba 2023, mji wa Kericho ulipokuwa mwenyeji wa sherehe za kitaifa za Mashujaa zilizobeba kaulimbiu ya afya kwa wote, serikali ilitangaza kwamba mkataba wa madaktari wa Cuba hautaongezwa muda. Madaktari hao wapatao mia moja waliwasili Juni 2018, wengine wakiwa mabingwa na wengine madaktari wa familia, wakapewa mafunzo mafupi ya utangulizi, kisha wakatawanywa katika kaunti. Kwa miaka mitano tulibishana kuhusu mishahara yao, kuhusu usalama wao baada ya wawili kutekwa nyara Mandera Aprili 2019, na kuhusu madaktari wetu wenyewe waliokaa nyumbani bila ajira. Mambo hayo yote yalistahili kujadiliwa. Ila swali ambalo mgonjwa aliyelazwa katika hospitali za Longisa au Kapkatet angeliuliza kwanza halikupata nafasi: huyu anayeitwa bingwa, ni nani aliyemwona akifanya kazi na kuthibitisha kwamba anaweza kutibu magonjwa ya huku kwetu? Mkataba ulikwisha, swali likabaki. Linarudi kila mara daktari Mkongo, Mmisri, Mhindi, Mmarekani, au Mkenya aliyesomea ughaibuni anapobisha hodi katika Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC.

Rai yangu ni kwamba kipimo kikuu cha bingwa aliyesomea nje kiwe kazi yenyewe: aifanye chini ya jicho la bingwa mwenzake, katika hospitali inayofanana na ile atakayopelekwa, kwa muda uliowekwa mapema. Kwa sasa utaratibu wetu kwa mabingwa wa kigeni unaegemea sana vyeti, barua ya sifa njema kutoka baraza la nchi atokako mwombaji, na leseni ya muda inayomfunga kwa mwajiri mmoja. Nyaraka hizo lazima zidaiwe na zichunguzwe mpaka chanzo chake, kwa sababu vyeti vya kughushi vipo. Lakini cheti halali kinathibitisha tu kwamba miaka kadhaa iliyopita, mahali fulani, watu fulani waliridhika. Daktari Mkenya anayehitimu shahada ya uzamili hapa nchini hatambuliwi kuwa bingwa siku ya mahafali. Hutakiwa kwanza kufanya kazi chini ya waliomtangulia. Sioni sababu ya mgeni kudaiwa pungufu ya hapo. Wala sioni sababu ya kumdai zaidi, kwa kumrudisha darasani miaka minne kana kwamba hajawahi kushika kisu.

Nchi ya chai, yaani Kericho na Bomet, ndiyo ingefaa kuanza, kwanza kwa sababu ya uhitaji. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 901,777 Kericho na 875,689 Bomet. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani, katika ripoti yake ya 2015, ilipendekeza kila watu 100,000 wawe na angalau wataalamu 20 wa upasuaji, nusukaputi na uzazi wakijumlishwa pamoja. Kwa kipimo hicho kaunti hizi mbili zingehitaji zaidi ya 350, idadi ambayo hakuna anayeweza kudai kwamba tumeikaribia. Sababu ya pili inasahaulika upesi: hapa tayari kuna uzoefu mrefu wa kukaa na mabingwa waliosomea nje. Hospitali ya Tenwek, nje kidogo ya mji wa Bomet, ilianzishwa na wamishenari mwaka 1937, na daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury kutoka Marekani, alifika 1959. Leo hospitali hiyo inafundisha wapasuaji Waafrika wanaofanya mitihani ya COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, ya Kati na ya Kusini kilichoundwa 1999. Mgeni anayeingia wodi zake hukutana na Waafrika wanaoijua kazi hiyo vizuri na wanaoweza kumpima.

Ubingwa hauna thamani moja kila mahali, na hakuna mahali ambapo jambo hili linaonekana wazi kama Bomet. Kusini mwa Bonde la Ufa pamo katika ukanda wa Afrika Mashariki ambako saratani ya umio, yaani mrija wa chakula, imezidi kuliko sehemu nyingi za dunia, na madaktari wa Tenwek wameandika kwa miaka mingi kuhusu wagonjwa vijana, wengine wakiwa hawajafikisha hata miaka 30. Marekani na Ulaya Magharibi saratani ya umio inayoonekana zaidi siku hizi huota sehemu ya chini, karibu na tumbo la chakula, na inahusishwa na unene wa mwili na kiungulia cha miaka mingi. Ya huku ni ya aina nyingine, inayoanzia katika seli bapa za utando wa ndani wa umio. Mgonjwa hufika akiwa amekonda, hamezi hata uji, na mara nyingi wakati wa kuondoa uvimbe umeshapita. Kinachoweza kufanyika ni kumwekea stenti, bomba dogo la wavu wa chuma linalofungua njia ili aweze kula tena. Tenwek walijifunza kuiweka kwa kutumia kamera ya tumboni bila ile mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo, ambayo hospitali za nchi tajiri huiona kuwa ya lazima. Mpasuaji mwenye vyeti vya vyuo vikuu vinavyoheshimika kuliko vyote duniani anaweza kuwa amemaliza mafunzo yake akiwa ameona wagonjwa wachache mno wa aina hii. Anaweza kujifunza, tena kwa haraka. Lakini hakuna mtihani wa karatasi jijini Nairobi utakaotuambia kama ameshajifunza.

Moyo nao una habari yake. Mpasuaji wa moyo aliyekomaa katika nchi tajiri amezoea wazee ambao mishipa inayolisha moyo imeziba. Kwetu anayesubiri kitandani mara nyingi ni msichana wa shule ambaye vali za moyo wake zimeharibika kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa, ugonjwa ambao nchi hizo zimekaribia kuusahau. Akiwekewa vali ya chuma atameza dawa za kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na damu yake itahitaji kupimwa mara kwa mara, pengine akiwa anaishi mbali na maabara na akitarajia kuolewa na kuzaa. Uamuzi kati ya kutengeneza vali na kuibadilisha ni uamuzi juu ya nauli, juu ya zahanati ya kijijini na juu ya mimba za baadaye. Bingwa asiyeyajua hayo si daktari mbaya. Anahitaji tu kukaa pembeni mwa anayeyajua, na huyo anayeyajua apewe mamlaka ya kusema kama mgeni sasa yuko tayari.

Chai ya Kericho ikifika kwenye mnada wa Mombasa haipewi bei kwa jina la kiwanda peke yake. Waonjaji huitazama rangi, huivuta kinywani na kuitema, fungu baada ya fungu, hata kama kiwanda ni kile kile walichokisifu wiki iliyopita. Utafiti unaonyesha kwamba kwa madaktari pia jina la mahali pa asili ni kiashiria dhaifu. Mwaka 2017 jarida la BMJ lilichapisha uchunguzi wa wazee Wamarekani waliolazwa hospitalini: waliotibiwa na madaktari waliosomea nje ya Marekani walifariki kwa kiwango cha asilimia 11.2 ndani ya siku 30, na waliotibiwa na waliosomea humo humo asilimia 11.6. Uchunguzi wa awali wa Pennsylvania, uliotolewa 2010 na kuhusisha wagonjwa wa moyo waliolazwa zaidi ya mara 244,000, ulipata jambo linalofikirisha zaidi. Ndani ya kundi hilo hilo la waliosomea nje, wagonjwa wa madaktari wageni walipona vizuri kuliko wagonjwa wa Wamarekani waliokwenda kusoma nje kisha wakarudi kwao. Kundi moja kwenye karatasi, matokeo mawili tofauti wodini. Tusisahau kwamba madaktari hao wote walikuwa wamepita mitihani migumu na miaka ya mafunzo chini ya usimamizi kabla ya kuhesabiwa. Kwa hiyo tafiti hizi haziungi mkono kuwafungulia watu milango ovyo. Zinatuonyesha kwamba mtu akishapimwa ipasavyo, pasipoti yake inakuwa haina la kutuambia.

Wanaohofia usalama wa wagonjwa wana haki ya kuhofia, na mfano unaowatisha zaidi unatoka Australia. Mwaka 2003 hospitali ya mji mdogo wa Bundaberg, jimbo la Queensland, ilimwajiri mpasuaji Jayant Patel, aliyesomea India na kufanya kazi Marekani kwa miaka mingi. Bodi ya madaktari ya Oregon ilikuwa imeshamwekea vikwazo vya upasuaji, lakini vikwazo hivyo havikugunduliwa na waliomsajili, na hakuna aliyefuatilia. Akapewa ukuu wa idara ya upasuaji bila bingwa mwingine wa kumwangalia. Muuguzi alipopaza sauti kuhusu vifo na vidonda visivyopona, ilichukua muda mrefu kusikilizwa, na kashfa ikalipuka 2005 na kuzaa tume za uchunguzi. Hukumu ya kuua bila kukusudia aliyopewa 2010 ilibatilishwa na Mahakama Kuu ya Australia miaka miwili baadaye, kisha 2013 akakiri makosa ya udanganyifu katika kujipatia usajili na kazi. Wapo wanaohitimisha kutokana na kisa hiki kwamba wageni wasiruhusiwe. Mimi nakisoma hivi: huo ulikuwa ni utaratibu uliotegemea makaratasi mwanzo hadi mwisho, katika mji uliokuwa na shida ya daktari kiasi cha kutotaka kuuliza maswali. Miezi mitatu ya kufanya upasuaji mbele ya mwenzake asiyemwogopa ingefichua kile ambacho faili ilificha. Na miji yenye shida kama ile ya Bundaberg tunayo tele.

Sisi wenyewe tumewahi kuwa upande wa pili wa dharau hii, na historia yake iko karibu. Vijana wa Afrika Mashariki waliohitimu udaktari Makerere katika miongo ya ukoloni waliajiriwa kama madaktari wasaidizi, kwa cheo na mshahara wa chini kuliko wa Mwingereza, hata pale walipofanya kazi ile ile katika wodi zile zile. Ilibidi kusubiri mpaka nusu ya pili ya miaka ya 1950 ndipo baraza la madaktari la Uingereza likaitambua stashahada yao. Uwezo wa mikono yao haukubadilika siku barua hiyo ilipotiwa saini. Kanuni ya kumhukumu mtu kwa chuo alichotoka iliwahi kutuumiza, na haitakuwa ya haki kwa sababu tu sasa muhuri uko mikononi mwetu, iwe tunambeba Mmarekani kwa jina la chuo chake au tunamshuku Mkongo kwa jina la chake.

Nchi kadhaa zimeanza kusogea upande huu. Mikoa mingi ya Kanada ina mpango wa kumpima daktari aliyesomea nje, hasa daktari wa familia, kwa wiki 12 akiwa kazini chini ya wasimamizi. Akifaulu hupelekwa eneo lenye upungufu na kutumikia huko kwa muda waliokubaliana. Jimbo la Tennessee nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2023 ya kumpa aliyekwisha kuwa daktari kamili kwao leseni ya majaribio katika hospitali inayofundisha, badala ya kumlazimisha kurudia mafunzo yote. Uingereza, Novemba mwaka huo huo, iliacha kumtaka bingwa kutoka nje athibitishe kwamba mafunzo yake yalilingana kipengele kwa kipengele na mtaala wao, ikawa inatafuta maarifa, ujuzi na uzoefu unaohitajika kufanya kazi ya ubingwa nchini mwao. Nchi hizo zinafanya haya kwa sababu zinawataka madaktari wetu, na jambo hilo linapaswa kutukera. Hata hivyo kipimo chao kimeboreka, na tunaweza kuchukua kipimo bila kuchukua uchu wao.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa madaktari wenyewe. Chama chao, KMPDU, kiliuliza mwaka 2018 kwa nini Cuba ilhali Wakenya waliosoma wako nyumbani, na mgomo wa siku 56 wa mwaka 2024, uliochochewa na suala la kuajiriwa na kulipwa kwa intani, ulionyesha kwamba jeraha bado bichi. Wana hoja, na siipuuzi. Kaunti isiyotangaza nafasi ya bingwa kwa Mkenya haina uso wa kuomba mgeni. Lakini kupima ni jambo moja na kuajiri ni jambo jingine, na kuyachanganya kumeudhuru upande wa madaktari. Kipimo kinapokuwa hafifu, serikali inaweza kuleta kundi zima kwa makubaliano ya marais wawili, na anayelalamika anaonekana kama mwenye wivu. Kipimo kikiwa kigumu, cha mtu mmoja mmoja, kinachosimamiwa na mabingwa Wakenya, hakuna waziri atakayeweza kutawanya watu mia moja katika kaunti kwa wiki chache. Isitoshe, miongoni mwa watakaofaidika ni Wakenya: waliokwenda kubobea India, Urusi, China au hiyo hiyo Cuba, ambao wakirudi hupokelewa na foleni ya barua na majibu yasiyoeleza kilichopungua.

Wengine watauliza ni nani atakayefanya kazi hiyo ya kupima, wakati mabingwa wenyewe hawatoshi hata kuwahudumia wagonjwa. Hili ni pingamizi la mtu anayezijua hospitali zetu. Nalijibu kwa kutazama kinachofanyika tayari. COSECSA huwakutanisha watahini kutoka nchi wanachama kila mwaka, mpasuaji wa Malawi akimtahini wa Kenya na wa Kenya akimtahini wa Zambia, na chuo hicho hakina jengo kubwa wala kampasi. Wanafunzi wake hujifunzia katika hospitali zinazokaguliwa. Utaratibu ulio tayari kwa mwanafunzi wa upasuaji unaweza kumpokea bingwa mgeni. Tenwek na hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret ziwe vituo vya mwanzo, na hospitali za rufaa za Kericho na Longisa zipokee watu kwa sehemu ya muda huo, kwa sababu huko ndiko mgeni atakakokutana na uhaba wa damu na foleni ya kliniki. Ada ya mwombaji, au ya mwajiri anayemtaka, imlipe msimamizi kwa saa zake. Msimamizi asiwe mwajiriwa wa idara inayomhitaji mgeni huyo kwa udi na uvumba, maana mwenye njaa hafai kuwa mpishi na mgawaji kwa wakati mmoja. Nao wanaosema kwamba kuwekeza katika mabingwa ni kuwaandalia wengine watazame uchunguzi wa wahitimu wa upasuaji wa kanda hii wa miaka ya 1974 hadi 2013: asilimia 85 walikuwa bado wanafanya kazi katika nchi walikofundishwa. Jasho la kumfundisha na kumpima bingwa katika mazingira yetu halipotei.

Lugha haimo katika mitihani ya karatasi, ilhali kwa bibi wa Kipkelion au Sotik anayezungumza Kikipsigis pekee ndiyo nusu ya matibabu. Siamini kwamba mgeni akatazwe kazi mpaka aijue lugha hiyo. Mkenya kutoka Kitui au Lamu naye haijui. Lakini apimwe jinsi anavyofanya kazi na muuguzi anayemtafsiria: kama anamtazama mgonjwa au anamtazama mfasiri, kama anahakikisha aliyetia kidole gumba kwenye fomu ya upasuaji ameelewa kwamba stenti haiponyi saratani. Kiswahili cha kutosha kumwuliza mtu maumivu yameanza lini ni haki kukidai kutoka kwa yeyote atakayekaa zaidi ya mwaka mmoja. Wauguzi waulizwe rasmi, kwa maandishi, na maoni yao yahesabiwe katika uamuzi. Bundaberg muuguzi ndiye aliyeona kwanza.

Majirani zetu wanahitaji neno lao. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambuana vyeti vya kitaaluma, na mabaraza ya madaktari ya kanda yamekuwa yakikagua vyuo vya udaktari kwa pamoja. Tangu hapo Jumuiya imepanuka hadi Sudan Kusini, Kongo na Somalia, nchi ambazo vita vimetawanya walimu na kumbukumbu za vyuo. Bingwa aliyekimbia Goma anaweza asipate mtu wa kujibu barua ya uthibitisho. Utaratibu wa makaratasi humfungia nje kabisa, au humlazimisha kufanya kazi kwa kificho katika kliniki ya mtaani kama mtu asiye na taaluma. Utaratibu wa kazi humpa nafasi ya kuonyesha anachokijua mbele ya watu wanaoweza kumzuia akikosea.

Ili haya yasigeuke kuwa mlolongo mwingine wa urasimu, baraza lijifunge kwa muda. Jibu la nyaraka litoke ndani ya siku 60. Kazi ya kupimwa iwe ya wiki 12, inayoweza kurefushwa mara moja tu. Mgonjwa aelezwe kwamba daktari huyu yuko katika kipindi cha kupimwa na aruhusiwe kumkataa. Anayekataliwa na baraza apewe sababu kwa maandishi, upasuaji kwa upasuaji, na haki ya kukata rufaa mbele ya watahini wengine wasiotoka katika hospitali ile. Anayefaulu kwa masharti asajiliwe kwa yale tu aliyoonekana akiyafanya vizuri: kama ni stenti na hernia, basi ni stenti na hernia, mpaka atakapoonekana akifanya mengine. Nayo orodha ya waliosajiliwa, pamoja na mipaka ya kila mmoja, iwekwe wazi mahali ambapo mtoto wa mgonjwa wa Chepalungu anaweza kuisoma kwenye simu yake kabla mama yake hajaingizwa thieta.